Rasilmali na Riba

Ndugu wanachama, hesabu za ofisi twazikagua hata senti, lakini hati za deni letu wenyewe twazitia sahihi bila kuzisoma! Mtu akopa Shs. 100/-. Kila mwezi arudisha Shs. 10/- za rasilmali, yaani fedha yenyewe aliyopewa, na riba Shs. 5/-. Kwa miezi 10 riba ni Shs. 50/-. Kwa nini? Rasilmali yapungua, riba haipungui! Ingalihesabiwa tano katika mia ya deni lililobaki, ingalikuwa Shs. 27/50 tu. Hizo Shs. 22/50 zilizozidi ni riba ya fedha tuliyokwisha rudisha. Haki i wapi? Wala tusimlaumu mkopeshaji peke yake: kabla ya kutia sahihi na tuulize, "Riba hii ni ya rasilmali ipi?"