Kiti cha Sentimita Tisa

Mtaa wa Lac Vert, magharibi mwa Goma, umepata jina lake kutokana na ziwa dogo la kijani lililojificha ndani ya shimo la volkano ya kale, si mbali na Ziwa Kivu. Chini ya nyayo ni jiwe jeusi la moto uliopoa, na juu ya jiwe hilo nyumba nyingi ni za mbao. Umaskini una sehemu yake katika hilo, lakini hauelezi yote. Kuchimba msingi kwenye mwamba ule ni kazi ya nyundo na siku nyingi, ilhali nyumba ya mbao husimama upesi, na ikibidi hung'olewa ubao kwa ubao ikasimamishwa kwingine. Katika mji huu hubidi mara kwa mara. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977. Ukalipuka tena Januari 2002, uji wake ukapita katikati ya mji hadi ziwani na kuwaacha watu zaidi ya laki moja bila makao. Ukarudi Mei 2021 na kukomea pembezoni, upande wa kaskazini. Ukiongeza vita, utaelewa kwa nini seremala wa Goma hana likizo. Mlango, kitanda, kabati, dawati la shule, hata jeneza, vyote hupita chini ya randa yake. Ajabu ni kwamba katika mji unaomtegemea fundi kiasi hiki, mwanagenzi mara nyingi hufundishwa kwa njia iliyo ghali kuliko zote: hufagia maranda kwa miezi kadhaa, kisha siku moja hupewa ubao mzima auharibu.

Naona ipo njia nyingine, na watu wazima wengi huiita mchezo wa watoto. Mwanagenzi aanze na samani za kukaa kwenye kiganja: kiti, kitanda, kabati na meza za kuweza kuingia katika nyumba ya mwanasesere, zilizochongwa kwa vipimo halisi vilivyopunguzwa mara kumi. Asiguse ubao mkubwa mpaka kiti chake kidogo kisimame juu ya meza bila kuyumba. Wazo hili ni rahisi, ila faida yake haionekani mpaka mtu apige hesabu.

Chukua kiti cha kawaida, chenye kimo cha sentimita 90 kutoka sakafuni hadi juu ya egemeo. Ukijumlisha miguu, kikalio, mikingamo na egemeo lenyewe, utapata kama sentimita za ujazo 10,000 za mbao. Sasa kipunguze mara kumi kila upande, kibaki na kimo cha sentimita 9. Mbao haikupungua mara kumi. Imepungua mara kumi kwa urefu, mara kumi kwa upana na mara kumi kwa unene, yaani mara elfu moja, na kiti kizima kinatoka katika kipande kidogo kuliko kibiriti. Mwanafunzi akikosea mara ishirini bado hajamtia hasara mwenye karakana. Mbao za Goma hutoka mbali, Masisi na Walikale, kwa njia ambazo mvua huzikata na vita huzifunga, na kila ubao unaopasuliwa vibaya mtu ameshaulipia safari yake. Waingereza na Wamarekani wanaotengeneza nyumba za wanasesere hupunguza mara kumi na mbili, kwa sababu wao hupima kwa futi na inchi. Sisi tunaopima kwa sentimita tuna bahati ya kumi: mtoto aliyefika darasa la nne anaweza kusogeza nukta na kupata kipimo, na wakati huo huo amejifunza desimali bila mwalimu kupaza sauti.

Akiba ya mbao, hata hivyo, ndiyo faida ndogo. Iliyo kubwa ni ukali wa kipimo. Kwenye kiti cha kawaida mwanya wa milimita 1 katika kiungo hufichwa kwa gundi na vumbi la msumeno, na mnunuzi haoni kitu. Kwenye kiti cha sentimita 9 mwanya huo huo ni sawa na sentimita nzima kwenye kiti kikubwa. Hata mpita njia atauona. Kuna pia suala la msumari. Msumari ndio kichaka anamojificha fundi mvivu: kiungo kikilegea, gonga mwingine. Ubao wenye unene wa milimita mbili haukubali msumari, hupasuka papo hapo, kwa hiyo mwanafunzi analazimika kujifunza kuchonga ulimi na tundu lake mpaka viingiane kwa kusukumwa na kidole. Analazimika pia kuzitazama nyuzi za mbao, kwa sababu mti haupungui pamoja na kipimo. Mbao yenye nyuzi pana, ambayo kwenye mlango inapendeza, kwenye kabati la kiganjani inaonekana kama gogo. Itabidi atafute kipande chenye nyuzi zilizosongamana, na jicho lililozoea kutafuta hivyo halitauziwa ubao mbovu sokoni.

Vivyo hivyo kwenye kumalizia, sehemu ya kazi ambayo mafundi wengi huiharakisha kwa kuwa mteja amesimama mlangoni. Vanishi ikipakwa nzito kwenye kitanda kidogo humeza kila ukingo, na kitanda hugeuka kama kilichochovywa kwenye uji. Dawa ni kuichuja kwa kitambaa, kuipunguza kwa tina, kupaka utando mwembamba, kusubiri ukauke, kupitisha msasa laini kwa kufuata nyuzi, kupaka tena. Kukarabati samani ndogo iliyochakaa kunafundisha zaidi ya hapo: kukwangua rangi ya zamani kwa kipande cha kioo bila kula mbao, kung'oa mguu uliovunjika na kuacha tundu likiwa zima, kuchanganya rangi ya mbao mpya ifanane na ile ya kale. Anayeweza kuyafanya hayo kwenye kabati la sentimita 18 hatashindwa na kabati la bibi harusi.

Wala jambo hili si geni Afrika. Mwaka 1920, katika kaburi la Meketre, mkuu mmoja wa Misri aliyeishi kama miaka 4,000 iliyopita, zilipatikana nyumba na karakana za mfano zilizochongwa kwa mbao, mojawapo ikiwa karakana ya maseremala, mafundi wadogo wakiwa kazini ndani yake. Aliyezichonga alikuwa anamjengea marehemu makao ya kuendelea nayo, na kazi yake imedumu kuliko nyumba halisi za zama zake. Ufaransa, vyama vya mafundi viitwavyo Compagnons vimekuwa vikimtaka fundi athibitishe ujuzi wake kwa kazi maalumu, mara nyingi ngazi ya mzunguko au paa zima lililochongwa kwa kipimo kidogo. Jumba la makumbusho la mji wa Tours limejaa kazi hizo. Lakini kwa nini tuende Tours? Goma yenyewe ina chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Kwenye mzunguko mmoja wa barabara mjini imesimamishwa sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu lake, kubwa kuliko kimo halisi, na chini yake, mitaani, chukudu hupatikana kwa kila ukubwa: la mikaratusi linalobeba mamia ya kilo za makaa au viazi, la mtoto la kuteka maji, na la kuchongwa la kuwekwa mezani kama ukumbusho. Huwezi kuchonga chukudu dogo lenye magurudumu yanayozunguka na usukani unaogeuka usijue jinsi kubwa linavyofanya kazi. Ngazi ya kutoka kidogo kwenda kikubwa ipo tayari. Kinachokosekana ni shule na karakana kuitambua.

Sasa nije kwenye pingamizi, na la kwanza ni zito. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani za Lac Vert na Mugunga yakaua watu, watoto wakiwamo. Januari 2025 Goma ikatwaliwa na kundi la waasi la M23, na wiki zilizofuata kambi zilizouzunguka mji zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka, ambako wengi hawakukuta hata fremu ya mlango. Watu wa namna hii wanahitaji vitanda, mtu atasema, nawe unawaandikia habari za kitanda ambacho hakimtoshi hata paka? Swali ni la haki. Lakini vitanda hivyo vitatengenezwa na nani? Mahitaji ya samani katika Kivu ya Kaskazini yameshinda mikono iliyopo, na kila anayejifunza kwa ubao mzima anapunguza mbao za wanaosubiri kitanda. Asiyeharibu ubao huo ameuokoa kwa ajili yao. Ukweli mmoja niukubali: vipande vinavyobaki karakanani si takataka. Vinawashia mbabula, jiko la makaa, asubuhi, na kuna mama anayevihesabu. Samani ndogo zinachukua sehemu ya vipande hivyo, basi zichukue kidogo, na zikiharibika zimrudie mama huyo. Kiti kilichokosewa kinawaka sawasawa na kipande chochote.

Pingamizi la pili linatoka kwa mafundi wenyewe, nalo nalipenda zaidi kwa sababu ni la kitaalamu. Kiti kidogo, wanasema, hakikaliwi, kwa hiyo hakimfundishi mtu nguvu. Ni kweli tupu, na Galileo aliieleza sababu yake katika kitabu cha mwaka 1638: kitu kikikuzwa kwa kipimo kile kile, uzito wake hukua upesi kuliko uimara wa nguzo zinazoubeba. Ukikuza mara kumi, uzito umezidi mara elfu, ilhali eneo la mguu, ukilipima pale unapokatwa, limezidi mara mia tu. Ndiyo maana kiti cha sentimita 9 husimama hata kikiwa na kasoro ambayo ingemwangusha mgeni sebuleni. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba kidogo kinatosha. Kinafundisha kupima, kuunga, kuchagua mbao na kumalizia. Kubeba mzigo kunafundishwa na kikubwa pekee. Zile karakana za kufundishia zilizopo mjini, kama ya kituo cha Don Bosco Ngangi, zinaweza kuamua zenyewe ni wiki ngapi za kidogo kabla ya kikubwa. Mimi ningesema sita, lakini sitagombana na atakayesema nne.

La tatu ni la wafadhili, na hapa msimamo wangu unageuka, maana wao hawapingi. Wao wanalipenda wazo hili kupita kiasi. Wakiona kitanda kidogo kilichopakwa vanishi vizuri wataita mradi, watatafuta jina la Kifaransa, watawaambia vijana kwamba watalii watanunua. Watalii gani, katika mji ambao uwanja wake wa ndege ulifungwa mwaka 2025? Kisha kuna hesabu ya saa. Mbao ya kiti kidogo ni moja ya elfu ya kile kikubwa, lakini kazi yake haipungui hivyo hata kidogo. Mara nyingine vyote viwili huchukua siku nzima. Bei yake ni bei ya mikono, na mikono haiwezi kushindana na plastiki inayoletwa kwa makontena kutoka China. Anayewaahidi vijana wa Lac Vert kwamba watakula kwa samani za wanasesere anawadanganya. Watakula kwa samani za watu.

Na vile vidogo viende wapi vikishamaliza kazi ya kufundisha? Viende kwa watoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unautambua mchezo kuwa haki katika kifungu cha 31, na haki hiyo haikuwekewa sharti la amani kwanza. Mjini London, tangu mwaka 1929, daktari Margaret Lowenfeld aliwapa watoto sinia la mchanga na vitu vidogo, nyumba, watu, wanyama, miti, wajenge dunia wanayoiona. Mengi ambayo mtoto hakuweza kuyasema kwa mdomo aliyapanga kwa mkono. Mtoto aliyeona nyumba yao ikibomolewa ana la kupanga. Ila vitu vyenyewe lazima avitambue. Nyumba ya mwanasesere yenye ghorofa tatu, mahali pa kuotea moto na kitanda chenye pazia ni nyumba ya mtu mwingine. Ya Lac Vert iwe ya mbao zilizosimama wima, paa la bati, ngazi mbili za jiwe jeusi mlangoni. Ndani kuwe na kitanda cha mbao, kabati la vyombo, meza yenye kitambaa kilichofumwa kwa sindano, pazia la kitenge kutoka kwenye mabaki ya fundi cherehani, dumu la maji la njano lenye kimo cha kidole na mbabula ya bati la mkebe. Ukuta mmoja uachwe wazi, na mbao zake zishikwe kwa vishikizo badala ya gundi, ili mtoto aweze kuivunja nyumba na kuisimamisha tena anapotaka.

Anayetaka kuanza hana haja ya kusubiri mradi. Kutoka kwenye mlango mmoja hubaki vipande, na kimojawapo huwa na urefu wa kama sentimita 30, upana 10 na unene 2.5. Hizo ni sentimita za ujazo 750. Toa nusu nzima kwa ajili ya njia ya msumeno, msasa na makosa, zibaki 375. Kwa sentimita za ujazo kumi kwa kila kiti, hapo kuna viti zaidi ya thelathini, darasa zima la wanagenzi, kabla ya mtu yeyote kukata ubao wa pili.