Mume, Mke na Hema Pwani ya Queensland

Kwa askari, hema ni chombo cha kazi. Hulisimamisha kwa amri, hulikunja kwa amri, na akipata likizo hatamani kuliona tena. Katika jimbo la Queensland, kaskazini-mashariki ya Australia, hema hilo hilo ni chombo cha mapumziko. Mvua kubwa zinapokwisha na kiangazi kuingia, kati ya mwezi wa Mei na Oktoba, mume na mke hupakia garini hema, godoro, jiko la gesi, sufuria mbili na sanduku la barafu, wakashika njia ya kaskazini. Hawaendi hotelini. Hupika wenyewe, huosha vyombo wenyewe, na usiku husikiliza mawimbi.

Barabara yao, iitwayo Bruce Highway, huanzia Brisbane na kuishia Cairns, mwendo wa karibu kilomita 1,700. Ni safari ndefu kuliko ile ya kutoka Kampala hadi Mombasa. Mjini Rockhampton msafiri huvuka mstari wa Tropiki ya Kaprikoni, akaingia katika nchi za joto. Karibu na Mackay hupita mashamba ya miwa yasiyokwisha upesi, na huko Tully na Innisfail hukuta migomba, hata mtu aliyelelewa migombani angejiona yu kwao. Mji wa Tully una sifa ya mvua. Mwaka 1950 ilinyesha zaidi ya milimita 7,900, na wenyeji wamejenga sanamu ya kiatu cha mpira chenye kimo cha mita 7.9 ili kuukumbuka mwaka huo. Wakati wote huo, upande wa kulia wa msafiri, mbali kidogo baharini, lipo fungu kubwa la matumbawe lenye urefu wa kilomita 2,300, ambalo tangu mwaka 1981 limo katika orodha ya urithi wa dunia.

Baada ya Cairns barabara hubana kati ya mlima na bahari, kisha hufika mto Daintree, ambao gari huuvuka kwa pantoni inayovutwa kwa nyaya. Ng'ambo ya pili msitu mzito huteremka mpaka mchangani, na miti yake hutia kivuli ufukweni. Huko ndiko iliko Cape Tribulation, yaani Rasi ya Taabu. Jina hilo lilitolewa na nahodha Mwingereza James Cook mwezi wa Juni 1770, kwa kuwa karibu na hapo jahazi lake lilipanda mwamba usiku, na taabu zake zikaanza. Lakini nchi hiyo ilikuwa na wenyewe kabla ya nahodha huyo. Wakazi wake wa asili ni watu wa Eastern Kuku Yalanji, na mwaka 2021 serikali ya Queensland iliwarudishia umiliki wa hifadhi ya Daintree, nao sasa huisimamia pamoja na serikali.

Uzuri wa mahali hapo usimdanganye mtu. Kuanzia Rockhampton kwenda kaskazini, mito, mikoko na hata fukwe zina mamba wa maji ya chumvi, ambaye huweza kupita urefu wa mita 5. Sheria ya Queensland inamlinda tangu mwaka 1974, kwa hiyo haruhusiwi kuwindwa ovyo, na ni juu ya mgeni kujilinda. Maagizo ya serikali kwa wenye mahema ni dhahiri. Hema lisimamishwe angalau mita 50 kutoka ukingo wa maji, na mita 2 juu ya mahali maji yanapofika yakijaa. Mtu asimame angalau mita 5 kutoka ukingoni. Samaki wasisafishwe majini, na mabaki ya chakula yasiachwe kambini. Tena mtu asirudi kila siku mahali pamoja kuteka maji, kwa sababu mamba hujifunza desturi za mawindo yake. Wanaoishi kandokando ya Nile na Ziwa Victoria hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Mwaka 2016 mtu mmoja aliyeingia baharini usiku katika ufuko wa eneo la Daintree alichukuliwa na mamba.

Hatari ya pili ni ndogo kwa umbo. Katika miezi ya joto, hasa kati ya Novemba na Mei, huja aina kali ya kiwavi-bahari, kiumbe laini kama ute, chenye mikia mirefu isiyoonekana vizuri majini. Sumu yake yaweza kusimamisha moyo wa mtu mzima kwa muda wa dakika chache. Ndiyo sababu katika fukwe nyingi za huko husimikwa nguzo yenye chupa ya siki. Aliyechomwa hutolewa majini, hamwagiwi maji baridi wala hasuguliwi mchanga, bali hulowanishwa siki kwa muda wa nusu dakika au zaidi, huku mwenzake akiita msaada. Hatari ya tatu ni mto uliofurika juu ya barabara. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 30 tu, yaweza kuliinua gari dogo na kulichukua.

Hatari hizi zote huwajia mume na mke katika saa ile ile mbaya, yaani jioni. Mume ameendesha gari tangu asubuhi, mgongo unamuuma. Anaona mahali pazuri karibu na maji, penye upepo na pasipo mbu, anasema hema lisimame hapo. Mke anatazama mchanga, anaona alama ya maji ya jana iko juu kuliko walipo. Je, atasema? Akisema, je, atasikilizwa, au ataambiwa kuwa ana woga wa kike? Siku nyingine mambo hugeuka: mke anataka wavuke mto kwa kuwa giza linaingia, na mume ndiye mwenye mashaka. Mamba hajui ni nani kati yao aliyeshinda mabishano.

Katika jeshi na polisi amri hushuka kutoka juu, na haina budi kuwa hivyo. Lakini hata huko kuna kazi moja ambayo cheo hakiikatazi kitu. Askari wa lindo, hata akiwa mgeni kazini, humsimamisha yeyote usiku, na ofisa mwenye busara husimama bila kununa. Anajua kwamba mlinzi akizoea kunyamaza kwa kuogopa vyeo, kambi nzima haina mlinzi.

Kanuni hiyo yafaa kwa watu wawili wenye hema moja. Mmoja wao akiwa na shaka juu ya maji, juu ya mto au juu ya mahali pa kulala, shaka yake itoshe kuwahamisha wote wawili. Asidaiwe ushahidi, kwani ushahidi wa mamba hupatikana umechelewa. Wakisogea mita 50 na usiku ukapita salama, asiyekuwa na shaka asiseme asubuhi kwamba walisumbuka bure. Neno hilo moja litamziba mwenzake mdomo siku ambayo hatari itakuwa ya kweli. Mwenye shaka naye aseme mapema, jua lingalipo, wala asingoje hema limekwisha kusimama ndipo aanze kulalamika.

Familia nyingi za askari hazitafika Queensland, lakini zote husafiri. Likizo ikitoka, baba, mama na watoto hupanda basi au mtumbwi wa injini kwenda kijijini, mara nyingi katika majira ya mvua. Daraja hukutwa limefunikwa na maji, au ziwa limechafuka na mwenye chombo anahimiza watu wapande upesi. Hapo mke akisema, "Bwana, tungoje," mume asitazame kwanza kama abiria wengine wanamcheka. Ateremshe mizigo. Kulala usiku mmoja kwenye benchi la stendi ni taabu ndogo, na kesho yake gari jingine litakuwapo.