Usilaumu mkono, pima fimbo

Jamani, nimechoka na ule wimbo wa klabuni hapa Milimani: "Fimbo ni fimbo tu, tatizo ni mkono wako." Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Mtu akiniletea kosa, natafuta chanzo kwanza, lawama baadaye.

Haya, tuangalie chanzo. Ukiugonga mpira mweupe upande wa kulia ili uzunguke, hauendi ulikolenga. Unakwepa kidogo kwenda kushoto. Mpira ukianza kuzunguka huisukuma ncha ya fimbo pembeni, nayo ncha huusukuma mpira upande wa pili. Sehemu ya mbele ikiwa nzito, mpira unakwepa zaidi. Uzito wa kitako hauna neno kabisa.

Ndiyo maana Predator walipotengeneza fimbo yao ya 314 miaka ya 1990, waliitoboa ndani kule mbele. Fimbo ya snuka ina ncha ya milimita 9 au 10 hivi, ya puli inafika 13. Lakini ukivisha hiyo nyembamba pete nzito ya shaba, umeurudisha uzito pale pale.

Sasa wazee wanakuja na fimbo zao mikobani. Kijana anaokota ya ukutani, kila jioni nyingine, halafu anaambiwa hana kipaji!

Ziandikeni namba fimbo za ukutani, kijana azoee moja. Unabisha? Lenga pale pale, msokoto ule ule, kwa fimbo mbili tofauti. Kisha tuongee.