Treni, Basi au Gari Binafsi: Hesabu ya Safari ya Siku Moja Kutoka Dar es Salaam Hadi Maporomoko ya Morogoro

Tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari iliyokuwa ikichukua saa nne au zaidi kwa barabara imekuwa ya chini ya saa mbili. Kwa mfanyabiashara na mtumishi wa umma manufaa yake yanajieleza. Lipo kundi jingine ambalo halitajwi sana, nalo ni wakazi wa Dar es Salaam wanaotaka kutoka mjini asubuhi, kuyaona maporomoko ya maji ya milima ya Uluguru au Udzungwa, na kurejea nyumbani jioni. Mamlaka za utalii zimekuwa zikiwahimiza Watanzania kutembelea vivutio vya nchi yao, na reli sasa imevisogeza vivutio hivyo karibu. Suala linalobaki ni la vitendo: mwananchi achague usafiri upi, na kwa hesabu gani?

Nauli ndiyo huulizwa kwanza. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipotangaza nauli za reli hiyo mwaka 2024, mtu mzima katika treni ya kawaida alipangiwa shilingi 13,000 kwenda Morogoro. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, na mwenye umri chini ya hapo hasafiri kwa malipo. Nauli ya basi la daraja la kawaida, ambayo LATRA iliipanga Desemba 2023 kuwa shilingi 48.47 kwa kilomita, inafanya safari hiyohiyo ya takribani kilomita 190 kuwa chini ya shilingi 10,000. Tofauti hiyo ya shilingi elfu tatu na kitu si kubwa ukilinganisha na saa mbili zinazookolewa, ambazo kwa msafiri wa siku moja ndizo zinazoamua kama atayafikia maporomoko au ataishia kula chakula cha mchana mjini Morogoro na kugeuza.

Gari binafsi lina hesabu yake. Kwenda na kurudi Morogoro ni karibu kilomita 400 ukijumlisha mizunguko ya mjini. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita kumi litahitaji lita 40. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, mafuta pekee ni shilingi 120,000. Familia ya wazazi wawili na watoto wawili walio chini ya miaka 12 itatumia shilingi 78,000 kwa treni, kwenda na kurudi. Watu wazima watano watatumia shilingi 130,000 kwa treni, na hapo gari linaanza kuwa nafuu, hasa likizingatiwa kuwa litawafikisha hadi chini ya mlima. Kwa hiyo si kweli kwamba treni ni rahisi kuliko gari kwa kila mtu, wala kinyume chake. Idadi ya wasafiri ndiyo inayopima.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inaishia stesheni, na hapo ndipo wasafiri wengi hukwama. Stesheni ya reli ya kisasa ya Morogoro iko Kihonda, nje ya katikati ya mji. Abiria anayeshuka pale akiwa hajapanga usafiri wa kuendelea ataanza kupatana bei na madereva wa bajaji na teksi wakati jua linapanda. Reli imeshamaliza kazi yake ya kilomita 190 za kwanza, lakini kilomita chache zinazobaki ndizo huweza kuharibu siku. Ni eneo ambalo halmashauri na wasafirishaji wa Morogoro wangelitupia macho: gari dogo linalosubiri treni ya asubuhi siku za Jumamosi na kuwapeleka wageni moja kwa moja hadi vijiji vya milimani lisingekosa abiria.

Maporomoko yenyewe nayo hayalingani. Kwa anayetaka kweli kwenda na kurudi siku hiyohiyo, miteremko ya Uluguru iliyo juu ya mji wa Morogoro, ambako yapo maporomoko ya Choma, ndiyo inayofaa. Gari au pikipiki humfikisha msafiri chini ya mlima, kisha hupanda kwa miguu akiwa na mwongozaji wa eneo hilo. Njia ni kali na huteleza, lakini saa za mchana zinatosha kupanda, kupumzika na kushuka bila haraka. Njia zinazoingia ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, hivyo taratibu za kiingilio zifuatwe kabla ya kupanda. Kwa mkazi wa Dar es Salaam safari hii ina maana zaidi ya picha: maji ya Mto Ruvu, yanayochotwa na kusafishwa kwa ajili ya jiji lake, yanaanzia katika milima hiyo.

Maporomoko ya Sanje katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ni habari nyingine. Ni marefu, yapata mita 170, na picha zake ndizo zinazosambaa zaidi katika simu. Kutokana na umaarufu huo, matangazo ya safari za vikundi huyaweka katika orodha ya safari za siku moja kutoka Dar es Salaam. Ramani haikubaliani na matangazo hayo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi, ni zaidi ya kilomita 350 kwa barabara: Morogoro, Mikumi, Kidatu, kisha Mang'ula. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 700. Mafuta pekee, kwa kipimo kilekile cha juu, yanafika shilingi 210,000, na dereva atakuwa nyuma ya usukani kwa saa kumi na moja au kumi na mbili. Kanuni za usafirishaji hutaka basi la safari inayozidi saa nane liwe na dereva wa pili. Dereva wa gari la familia hana anayemhesabia saa hizo isipokuwa yeye mwenyewe.

Treni inapunguza uchovu huo lakini haiuondoi. Aliyepanda treni ya saa 12 asubuhi atakuwa Kihonda kabla ya saa 2. Akiwa na gari lililokwisha kukodiwa, atafika Mang'ula baada ya saa 5, asajiliwe, apatiwe mwongozaji, kisha arudi nyuma kilomita zipatazo kumi hadi kijiji cha Sanje kuanza kupanda. Udzungwa ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, haina barabara za magari ndani yake. Matembezi ya Sanje, pamoja na kuoga chini ya maporomoko, huchukua karibu saa nne. Maana yake msafiri anaondoka saa 10 jioni, na atapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi giza linapoingia, wakati wanyama wanapovuka barabara. Hapo mwendo umewekewa kikomo, na faini ya kumgonga mnyama hutozwa kulingana na aina yake. Dereva anayewahi treni ya mwisho na dereva anayetii kikomo hicho hawawezi kuwa mtu mmoja. Ushauri wa busara ni kulala Mang'ula usiku mmoja na kuifanya safari ya siku mbili. Treni ya TAZARA nayo husimama Mang'ula, lakini kwa kuwa haisafiri kila siku, inamfaa mwenye muda zaidi.

Jambo linalostahili uangalifu mkubwa kuliko nauli ni magari ya kukodi. Vikundi vya vijana, vikoba na kwaya mara nyingi huchanga fedha na kukodi Noah au Coaster ya mtu wanayemfahamu. Gari linalobeba abiria kwa malipo linapaswa kuwa na leseni ya LATRA ya kazi hiyo na bima inayowahusu abiria wanaolipa. Bima ya gari la matumizi binafsi haikukusudiwa kwa biashara hiyo, na ajali ikitokea, madai ya fidia yanaweza kugonga mwamba kwa sababu hiyo pekee. Kiongozi wa kikundi anayo haki ya kuomba kuona leseni na stika ya bima kabla ya kutoa malipo ya awali, na mwenye gari halali hatakerwa na ombi hilo.

Msimu nao una sauti yake katika uchaguzi huu. Kati ya Machi na Mei maporomoko hujaa na kupendeza, lakini njia za Uluguru huwa utelezi mtupu na barabara za vijijini huharibika, kiasi cha gari dogo kutopita. Kuanzia Juni hadi Septemba maji hupungua bila kukauka, na safari huwa salama zaidi kwa wenye watoto. Kipindi hicho kinaangukia likizo za shule na sikukuu, hivyo viti vya treni za mwisho wa wiki huwahiwa. Anayekata tiketi ya kwenda aikate na ya kurudi papo hapo, kwa kuwa treni ya jioni hutoka Dodoma ikiwa tayari na abiria wake, na nafasi za wanaopandia Morogoro ni zile zilizobaki.