Usimwite Malaika Kama Hutamsikiliza

Mtoto wa dadangu aliishi siku tatu. Siku ya nne, hata kabla hatujatoa mwili mochari, nyumba ilikuwa imejaa watu, na kila aliyeingia alikuwa na sentensi moja: Mungu amemchukua malaika wake. Jirani alisema. Pasta alisema. Nesi kule wodini alikuwa ashaisema, huku akiangalia simu.

Dadangu aliuliza swali moja tu. Mbona mashine ya oksijeni ilikuwa moja na watoto walioihitaji walikuwa watatu? Akajibiwa: nyamaza mama, sasa una malaika mbinguni.

Hapo ndipo nilianza kugombana na hili neno. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa, lakini kusoma hakuna aliyenifukuza. Nikalifuata neno hadi kwao.

Limetoka kwa Kiarabu, na mzizi wake wa kale unahusu kutuma. Kiebrania kina ndugu yake, mal'akh, maana yake mjumbe, basi. Kwenye Mwanzo 32, Yakobo anatuma watu kwa kakake Esau, na watu hao wa kawaida kabisa wanaitwa kwa neno hilo hilo. Wagiriki nao wana angelos, mjumbe vilevile, na Waingereza wakapata lao hapo. Katika Luka 7:24, wale waliotumwa na Yohana Mbatizaji wanaitwa hivyo hivyo, watu wa miguu na vumbi. Kurani, mwanzoni mwa sura ya 35, inawataja malaika kuwa wajumbe kwanza, kisha ndiyo inataja mabawa yao. Kazi inatangulia.

Sasa sisi tumefanya nini? Tumebaki na mabawa, kazi tumeitupa. Malaika siku hizi ni msichana mrembo, ni picha ya mtoto mnene juu ya wingu, ni maandishi nyuma ya matatu. Na ni kizibo. Mtu akiuliza swali gumu mbele ya jeneza dogo, unamziba nalo.

Wazee walisema mjumbe hauawi. Sisi tumepata njia rahisi zaidi: akifa, tunamsifu hadi ujumbe wake usahaulike. Kama kweli yule mtoto alikuwa malaika, basi alitumwa. Na kama alitumwa, alikuja na habari. Habari yenyewe haikuhitaji nabii wa kuifasiri: mashine moja, watoto watatu. Lakini nani alitaka kuisikia? Ilikuwa rahisi kuangalia mbinguni kuliko kuangalia wodi.

Najua mtaniambia neno hilo linafariji. Sikatai. Dadangu mwenyewe hulitumia usiku akiomba, na hapo sina la kusema, huyo ni mtoto wake. Kiswahili chenyewe kinampa haki hiyo, maana kichanga tunamwita malaika akiwa bado hai, na hata zile nywele laini za mwilini tunaziita malaika. Mtoto wetu alikuwa nazo mabegani. Niliziona.

Ninachokataa ni neno hilo kutoka mdomoni mwa mtu anayedaiwa jibu. Daktari, msimamizi, mheshimiwa anayekuja matangani na bahasha: nyinyi hamna ruhusa. Mama akisema malaika, analia. Nyinyi mkisema, mnafunga faili.

Na hata sisi majirani tuache uvivu. Ukienda kufariji, kaa, pika chai, osha vyombo, nyamaza ukikosa la kusema. Halafu mama akiuliza mbona, usimjibu kwa mbingu. Uliza naye. Andamana naye hadi kwa ile ofisi, mkaulize mashine ni ngapi na zingine ziko wapi.

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu neno hili, na ndilo haliniachi nilale. Kwa Kiarabu, mmoja ni malak. Malaika ni wingi. Sisi tulilichukua likiwa wingi tukalifanya la mtu mmoja. Kwa hivyo kila tunapomwita mtoto mmoja malaika, neno lenyewe linatuambia ni wengi.

Siku tulipotoka pale wodini, mashine ilikuwa bado moja.