Mlango U Wazi, Nauli Iko Wapi?

Ndugu Wanachama,

Bei ya karafuu ikitikisika hata kidogo, khabari huondoka Wete asubuhi ikafika Mkoani kabla ya adhuhuri. Lakini bei ya umeme ikipanda, wengi wetu hujua siku ya kununua: pesa ni zile zile, yuniti zimepungua. Basi leo twapenda kusema namna bei hiyo inavyokatwa, na nani huwapo inapokatwa.

Sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka Bara kwa waya zilizolazwa chini ya bahari. Unguja inaupata tangu 1980, na Pemba tangu 2010 kwa waya utokao Tanga. Shirika letu la umeme, ZECO, hununua kwa jumla kutoka TANESCO kisha likatuuzia sisi kwa rejareja. Bei ya rejareja huangaliwa na ZURA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Lakini bei ya jumla, ambayo ndiyo mama wa hiyo nyingine, hukatwa ng'ambo mbele ya EWURA, mamlaka ya Bara iliyoundwa kwa sheria ya 2001.

Liko jambo ambalo wachache wetu wanalijua. Katika maagizo ya bei ya EWURA, wateja waliotajwa kwa jina katika daraja la msongo mkubwa ni watatu: ZECO, kiwanda cha saruji cha Twiga, na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu ulioko upande wa Kahama, mkoani Shinyanga. Maana yake ni kwamba mkulima wa karafuu, bila ya kujua, amepangwa safu moja na mgodi wa dhahabu.

Lakini safu ni moja, nguvu si moja. Kampuni ya mgodi ina wahasibu, wahandisi na mawakili wake. Yakija maombi ya kupandisha bei, yapo macho ya kuyasoma kurasa kwa kurasa, na gharama ya kusoma huandikwa katika matumizi ya biashara. Sisi hatuna macho hayo. Wala tusidhani kuwa taabu hii ni ya visiwani peke yake. Mwanakijiji aliye jirani na mgodi huo, mwenye taa mbili na mashine ya kusaga, hali yake ni kama yetu. Shauri hili basi si la Visiwani na Bara. Ni la mwenye uwezo wa kuajiri mtaalamu na asiye nao.

Sheria ya EWURA yataka uchunguzi wa hadhara kabla ya bei kuamuliwa, na watu waitwe waseme. Mlango u wazi. Lakini kutoka Konde mpaka penye mkutano pana nauli ya gari, nauli ya chombo, malazi, na siku za kazi zilizopotea. Na ukifika, hesabu ulizowekewa mbele zahitaji mtu aliyesomea hesabu hizo. Mlango wa namna hiyo u wazi kwa mwenye mfuko.

Na kuulizwa kwa hesabu kuna faida. Mwaka 2013 TANESCO iliomba nyongeza ya asilimia 67.87, ikapewa 39.19 kuanzia Januari 2014. Mwaka 2016 iliomba asilimia 18.19, ikakubaliwa 8.5, na Waziri akaisimamisha hata hiyo. Wengi walifurahi, nasi hatuwalaumu. Lakini bei iliyozuiwa kwa amri yaweza kurudishwa kwa amri. Iliyopunguzwa kwa hoja, anayetaka kuipandisha hana budi kuijibu hoja kwanza.

Watauliza wengine: nani alipe? Twajibu kwamba mteja analipa tangu zamani. EWURA huendeshwa kwa tozo itokayo kwa watoa huduma, isiyozidi asilimia moja ya mapato yao, na tozo hiyo mwisho wake ni katika bei. Wataalamu wa shirika wanaotayarisha maombi nao hulipwa katika bei hiyo hiyo. Basi mteja anamlipa mwamuzi, anamlipa mdai, na msemaji wake mwenyewe ndiye peke yake asiyekuwa na fungu.

Kweli, liko Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma zinazodhibitiwa na EWURA. Twaliheshimu. Lakini sheria yake ni ya Bara, na mdomo mmoja hauwezi kusema ya kila mtu.

Wenzetu wa Marekani waliandika katika sheria yao ya umeme ya 1978 kwamba mtumiaji ambaye mchango wake umesaidia sana uamuzi aweza kulipwa na kampuni ya umeme gharama za wakili na mtaalamu wake. Twalipenda sharti hilo, kwa kuwa halimlipi mtu kwa kuja kukaa na kunywa chai.

Rai yetu ni hizi. Kwanza, sehemu ndogo ya tozo itengwe kwa vyama vya watumiaji, ilipwe kwa stakabadhi baada ya uamuzi, na nauli itangulizwe. Pili, bei ya jumla ya ZECO inapojadiliwa, vyama vya Visiwani vialikwe kwa barua, na kikao kimoja kifanywe huku. Tatu, sisi wenyewe tusingoje: mkutano mkuu uchague wanachama wawili wenye kujua hesabu, wapewe fungu dogo, wawe wanasoma maombi ya bei na kutueleza kwa lugha tunayoifahamu.

Fungu hilo halitafika thamani ya pishi chache za karafuu kwa kila tawi. Wazee wetu walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Tuwepo, Insha Allah.

Katibu wa Chama