Risasi za kujijazia na uzito wa ushahidi
Makala moja kuhusu kujihami kwa silaha imekazia ukali wa risasi za kujijazia, yaani zile ambazo mwenye silaha huzitengeneza nyumbani kwa kupima baruti na kuijaza katika ganda lililokwisha kutumika, ilhali tatizo zito zaidi kisheria ni ushahidi. Katika kesi ya New Jersey, Marekani, iliyotokana na kifo cha mwaka 1989, ingawa haikuhusu kujihami, umbali wa mtutu ulibishaniwa kwa masalia ya baruti, yaani chembe zinazobaki mwilini au nguoni, na upande wa utetezi ulishindwa kuthibitisha kiasi cha baruti kilichokuwamo. Risasi ya kiwandani hupimika kwa nyingine za toleo lilelile, bali daftari la mshtakiwa la vipimo vya baruti hubaki kauli yake mwenyewe.